Upande wa Baba Walijua

Arafa alikuwa mwanamke wa kupenda usafi. Majirani zake wa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, walimtania kwamba hata vumbi la jangwani hubisha hodi kwake kabla ya kuingia. Kwa hiyo binti yake Mwanahawa alipoanza kulowesha godoro, naye ni msichana mkubwa wa miaka kumi na mmoja, Arafa aliona aibu kwanza. Ugonjwa alikuja kuuona baadaye sana.

Hawa, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa mwingi wa maneno, mpenda shule, na Kiarabu chake kiliwapita wazazi wote wawili. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2013 akabadilika, akawa mtu wa chooni. Anaingia, anatoka, hajakaa vizuri anainuka tena. Akiwa mle ndani Arafa humsikia akivuta pumzi kwa meno.

"Panauma wapi?"

"Huku chini, mama. Kama mtu kanipaka pilipili."

Daktari wa zahanati ya mtaani alisema ni UTI, akaandika antibayotiki. Hawa akamaliza dozi, maumivu yakabaki palepale. Akaandikiwa dawa nyingine. Mkojo ulipooteshwa maabara haukuota kijidudu chochote, lakini daktari akasema huenda dawa za mwanzo zimekwishaviua, akaongeza za tatu. Wakati huo huo asubuhi vidole vya Hawa vikawa vigumu, hawezi hata kufunga vifungo vya sare yake. Akitoka shule anajitupa kwenye kochi na viatu vyake. Arafa alihesabu yote hayo kuwa uvivu wa kukua, akagomba, akafua mashuka, akagomba tena.

Mtu aliyekuwa akimtuliza moyo siku zile alikuwa mama mkwe wake. Bi Mwanahamisi alikuwa kwao Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, na kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu. Arafa, mtu wa Tanga, alifiwa na mama yake angali mdogo. Aliolewa na Makame huko Dar es Salaam, na mtoto alipoanza kutambaa wakahamia Doha, ambako Makame alikuwa msimamizi wa madereva katika kampuni ya usafiri. Ukweni alifika mara chache tu za likizo. Lakini kwa njia ya simu alikuwa amempata mama, naye alimwambia kila kitu, hata yale ambayo hakumwambia mumewe.

"Mtoto wako anadeka," Bi Mwanahamisi alimwambia. "Hao wa Uarabuni mnawalea kwa viyoyozi, wanakuwa walegevu. Mnyime maji kuanzia Magharibi. Utaona."

Arafa akamnyima maji. Na kwa kuwa mkojo uliokolea huwasha zaidi, Hawa akazidi kulia, na Arafa akazidi kuamini kwamba analia kwa sababu ya ukaidi.

Sikukuu ya Idi ikawakuta katika hali hiyo. Walialikwa mtaa wa Al Sadd, kwa familia moja ya Kizanzibari yenye nyumba nzuri na makochi ya kitambaa cheupe. Wageni walikuwa wengi, choo kimoja, na mlangoni pake pana foleni. Hawa alimnong'oneza mama yake mara ya kwanza, akaambiwa avumilie. Akamnong'oneza mara ya pili, akaambiwa asimtie mama yake aibu mbele za watu. Mara ya tatu hakunong'ona tena. Alikaa kimya na macho yake yakajaa machozi, na mwenye nyumba alipokuja na sinia la halua akaliona doa likitambaa kwenye kile kitambaa cheupe.

Mwenyeji alisema, "Si kitu, si kitu, mtoto huyu." Wasichana wenzake Hawa hawakusema si kitu. Walicheka.

Walipofika nyumbani Arafa alivua kandambili. Alimpiga mwanawe mapajani na mgongoni, na kila pigo lilikuja na neno lake: ukubwa huu, mbele za watu, unanikomoa. Hawa hakukimbia. Alijikunja tu, akashika tumbo. Makame alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya mlango, uso umempauka.

"Basi, Mama Hawa," alisema. "Inatosha."

Kisha akashuka chini, akaingia garini, akakaa humo injini ikinguruma mpaka adhana ya Alasiri. Arafa alidhani mumewe kakasirishwa na mtoto, kama yeye.

*

Shule zilipofunguliwa tena, Hawa alishinda uwanjani siku ya michezo, jua likampata. Alirudi na wekundu usoni, umekaa mashavu yote mawili na kuvuka juu ya pua, kama mtu aliyevaa barakoa. Arafa alimpaka mafuta. Kesho yake wekundu ulikuwepo. Keshokutwa akaanza kutapika, tumbo likajaa, miguu ikavimba, na kila alichokunywa kikarudi. Makame akambeba mpaka kwenye gari, wakaenda hospitali kubwa.

Huko wakampata daktari wa watoto, mwanamke wa Kisudani, mtulivu, mwenye kuongea Kiarabu polepole ili Arafa amfuate. Palipokuwa pagumu, muuguzi wa wodi alisaidia. Huyo alikuwa Mkenya, jina lake Peninah, na Arafa aliposikia Kiswahili chake alishikwa na furaha ya ghafla kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Walimpima Hawa kwa ile mashine ya kupita juu ya tumbo. Daktari akaigeuza skrini waone.

"Figo zake zote mbili zimejaa maji," alisema. "Mkojo haushuki vizuri. Mirija inayotoka kwenye figo imetanuka, na kibofu chenyewe kimesinyaa, ukuta wake umekuwa mnene. Huyu mtoto alikuwa akienda chooni kila mara kwa sababu kibofu hakina tena nafasi ya kuweka kitu."

"Si UTI?" Arafa aliuliza.

"Vijidudu havifanyi hivi bila ya kuonekana. Nina shaka na kitu kingine. Kuna maradhi ambayo kinga ya mwili inageuka, badala ya kupigana na adui inaupiga mwili wenyewe. Hupiga viungo, ngozi, figo. Mara chache, mara chache sana kwa watoto, hupiga kibofu na mirija yake. Nitachukua damu kuhakikisha." Akavuta kiti, akakaa wakawa sawa kwa macho. "Sasa nisaidieni. Katika familia yenu, kuna mtu aliyewahi kuumwa viungo, kutoka wekundu usoni, kupata matatizo ya figo? Au aliyekufa mdogo?"

Arafa alijibu kwanza. Kwao hakuna. Mama yake alikufa kwa uzazi, wazee wengine walikufa wakiwa wazee.

Daktari akamgeukia Makame.

"Hapana," alisema Makame. "Kwetu hakuna kitu kama hicho." Alikuwa akimtazama Hawa wakati akisema, halafu akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Peninah akamwekea Hawa mpira wa mkojo kwa mikono ya upole, huku akimwongelesha kuhusu shule. "Utaskia kama imekuvuta kidogo, sawa? Alafu hutahangaika tena kwenda toilet. Pumzika sasa, mrembo." Mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya chai. Hawa akalala usingizi wa mtu aliyekuwa hajalala kwa miezi, na Arafa, akimwangalia, alianza kuelewa kwamba mtoto hakuwa mkaidi hata siku moja.

*

Ijumaa ilipofika, majibu ya damu yakiwa bado, Iddi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Iddi alikuwa binamu yake Makame, wamekulia uwanja mmoja. Alifanya kazi ya ulinzi na kuishi katika kambi za wafanyakazi za Industrial Area, na siku yake moja ya mapumziko alikuwa ameitumia kupanda basi, akaunganisha na jingine, mpaka hospitali. Alikuja na juisi na tende, nguo zimepigwa pasi. Makame alikuwa bado hajarudi kutoka msikitini.

"Mgonjwa wetu yuko wapi?" alisema kwa bashasha. Kisha akamwona Hawa ameketi kitandani, uso na wekundu wake, vidole vimevimba, na mpira unaoshuka chini ya shuka. Bashasha yote ikamtoka.

"La ilaha illallah," alisema. "Zuwena mtupu."

Arafa alikuwa akipokea mfuko wa tende. "Zuwena nani?"

"Si yule Zuwena, mdogo wake Makame. Marehemu. Uso huu huu. Na mkojo hivi hivi, masikini…" Akamtazama shemeji yake, akaona alivyoganda. "Shemeji. Mimi nilidhani unajua."

Arafa alijua kwamba palikuwa na Zuwena. Aliambiwa, mara moja, miaka mingi nyuma, kwamba Makame alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekufa utotoni. Aliambiwa ni malaria. Alimwambia Iddi watoke ukumbini, mbali na masikio ya Hawa.

"Alikufa kwa malaria," alisema.

"Ndivyo ulivyoambiwa?"

"Iddi, nakuomba. Mwanangu yuko mle ndani."

Iddi aliangalia lifti kama mtu anayetafuta njia ya kukimbia. Lakini alikuwa mtu mwema, na baada ya kuyapangusa macho yake akasema. Zuwena alianza na viungo, akawa hawezi kushika ndoo. Kisha akaanza kujikojolea. Watu walisema kachezewa, karogwa. Kwa sababu ya harufu walimhamishia banda la uani, akawa analala huko na bibi yake. Alipovimba mwili ndipo akapelekwa mjini, hospitali, na aliyempeleka ni Makame, wakati huo kijana aliyekwisha maliza shule.

"Daktari wa mjini alimwambia jina la ugonjwa. Makame alirudi nalo nyumbani, tukalisikia sote. Zuwena hakufika mwezi. Basi wakwe watarajiwa wa dada yao mkubwa wakasikia, wakavunja posa, wakasema ukoo ule una damu mbovu. Wazee wakakaa. Ikasemwa: ni malaria. Toka siku hiyo ikawa malaria."

"Makame alilisikia jina kwa masikio yake."

"Shemeji, usimwambie kwamba ni mimi."

Arafa alirudi ndani, akamwekea Hawa juisi, akamwomba Iddi akae naye, akashuka chini.

*

Alimkuta Makame anatoka msikitini, kofia mkononi, akielekea kwenye gari kuchukua chaja ya simu. Jua la maegesho lilikuwa limewaka, lami inapumua moto. Arafa akaingia upande wa abiria, akafunga mlango. Makame naye akaingia, akawasha kiyoyozi.

"Zuwena alikufa na nini?"

Mikono ya Makame ilikuwa juu ya usukani. Ilibaki pale pale.

"Nani kakwambia?"

Arafa alikuwa amejiandaa kwa mengi alipokuwa akishuka ngazi. Alijiandaa kuambiwa kwamba Iddi kachanganya, kwamba ni mtu mwingine, kwamba ilikuwa zamani na mumewe hakumbuki. Neno lile, nani kakwambia, lilimkata maini, maana halikuacha nafasi ya lolote.

"Daktari kakuuliza mbele yangu," alisema. "Kakuuliza kwa Kiarabu unachokijua. Ukasema hapana."

"Arafa."

"Ulijua tangu lini?"

"Sikujua. Niliogopa. Kuogopa si kujua."

"Uliogopa tangu lini, basi?"

"Aliposhindwa kufunga vifungo."

Vifungo. Arafa akarudi nyuma katika mawazo, akavipita vyumba vyote vya miezi ile. Antibayotiki za kwanza, za pili, za tatu. Chupa ya maji aliyoificha juu ya kabati. Kochi jeupe la Al Sadd.

"Siku ya Idi ulisimama mlangoni," alisema. "Ulikuwa unaniangalia nampiga mtoto mgonjwa, na wewe unajua ni mgonjwa."

"Nikasema inatosha."

"Ulisema inatosha. Hukusema kwa nini."

Makame akaanza kulia, kimya kimya, kama wanavyolia watu wasio na mazoea. Alisema alikuwa akitaka iwe UTI. Kila daktari alipotamka UTI alishukuru Mungu moyoni. Alisema akilitaja lile jina yeye mwenyewe, ingekuwa kama kulileta nyumbani, kama kumchimbia mtoto kaburi. Alisema pia, na hili alilisema akiangalia pembeni, kwamba aliogopa Arafa atamtazama kama mtu aliyemwoa kwa hila, akampa damu mbovu.

"Damu yako ningeisamehe," Arafa alisema. "Hukuichagua."

Akashuka. Pale pale kwenye kivuli cha ukuta wa maegesho akapiga simu Mkokotoni. Bi Mwanahamisi alipokea kwa furaha, akauliza mjukuu anaendeleaje.

"Mama, Zuwena alikufa na nini?"

Kule upande wa pili alisikika mtu akitwanga.

"Nani kakwambia?" aliuliza Bi Mwanahamisi.

Maneno yale yale. Arafa akaegemea ukuta, ukamchoma mgongo, asiondoke.

"Nilikwambia kila kitu," alisema. "Vidole, mkojo, nywele zinazobaki kwenye chanuo. Kila Ijumaa, mama. Ulikuwa unanisikiliza na wewe umeshayaona yote kwa mwanao."

"Mwanangu, mambo ya zamani yale. Tuliyafunga."

"Ukaniambia nimnyime maji."

"Ndivyo tulivyomfanyia Zuwena," alisema mama mkwe, na sauti yake ikawa ndogo ghafla, sauti ya mwanamke mzee sana. "Sisi tulijua nini?"

"Na Zuwena alipona?"

Upande wa pili simu ikakatwa, au salio lilikwisha. Arafa hakupiga tena.

*

Daktari alimsikiliza Arafa mpaka mwisho bila kumkatiza. Peninah alikuwa amesimama karibu, akisaidia pale Kiarabu cha Arafa kilipoishia. Daktari hakupandisha sauti, wala hakumtazama Makame, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye kiti cha pembeni.

"Majibu yamefika leo," alisema. "Ni lupus, yale maradhi ya kinga niliyowaambia. Hii habari ya shangazi inazidi kuthibitisha. Nataka mjue, huu si ugonjwa wa kuambukiza, wala si lazima ushuke kwa kila mtoto wa familia. Wengi hawaupati. Lakini ukishaonekana kwa ndugu wa karibu, tunakuwa macho."

"Tungesema mwanzo, ingekuwaje?" Arafa aliuliza.

Daktari alisita. Huenda alitaka kumwepusha na jibu. "Yule wa zahanati angeambiwa, mtoto wa viungo na mkojo usioota vijidudu, mwenye shangazi aliyekufa hivyo, naamini angemtuma kwetu mapema. Figo zingekuwa na maji machache. Pengine kibofu kisingesinyaa kiasi hiki. Siwezi kuapa. Ila ndivyo ninavyofikiri."

Makame akatoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Hakuna aliyemgeukia.

Matibabu yakaanza siku ile. Dawa kali za kutuliza kinga zilipita kwenye mshipa, na baada yake vidonge, na kila mwezi dripu nyingine yenye maji mengi sana ili dawa yenyewe isikiunguze kibofu. Uso wa Hawa ukavimba ukawa duara kwa sababu ya vidonge. Kutapika kukakoma. Maji kwenye figo yakaanza kupungua, ya kushoto upesi, ya kulia kwa kusuasua.

Alipopata nguvu ya kuongea vizuri, Hawa aliuliza kwa nini mama hamjibu baba akisalimia. Arafa alimwita Makame kutoka ukumbini.

"Mwambie wewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa hapa."

Makame akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasimulia habari za Zuwena, vizuri, bila kuficha. Alivyokuwa akiruka kamba kuliko watoto wote wa mtaa, alivyoanza kuumwa, banda la uani, hospitali ya mjini, jina alilopewa. Arafa aligundua kwamba mumewe alikuwa akimpenda sana yule mtoto, na kwamba hata yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulia msiba wake. Aligundua hivyo na moyo wake haukulainika.

Hawa alisikiliza. Kisha akauliza swali moja.

"Siku ile ya Idi, mama alivyonipiga, ulikuwa unajua naumwa?"

"Nilihisi, mwanangu."

Hawa akageukia ukutani, polepole kwa ajili ya mpira. Makame alimgusa bega, bega likajiondoa. Akatoka nje, na mlango ulipofungwa Hawa akasema, bado akiutazama ukuta:

"Na wewe ulinipiga."

"Nilikupiga," alisema Arafa.

"Nilikwambia panauma. Kila siku nilikwambia."

Arafa alitaka kusema kwamba yeye hakujua, kwamba alifichwa, kwamba naye amefanyiwa. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliona kwamba kwa mtoto aliyekuwa akilia chooni peke yake, ukweli huo hauna kazi. Akapiga magoti kando ya kitanda, upande wa ukuta, penye nafasi finyu, mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa bintiye.

"Ulisema na sikukuamini," alisema. "Hapo hakuna wa kumsingizia. Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, nitakuja kuomba tena."

Hawa hakusema amesamehe. Aliomba maji. Arafa akamnywesha, kikombe kizima, na cha pili.

*

Wiki iliyofuata baada ya kuruhusiwa nyumbani, Bi Mwanahamisi alipiga simu. Alianza kwa dua ndefu, akalia, akaomba radhi, na Arafa akakaribia kulia naye. Kisha mama mkwe akafika kwenye alichokipigia.

"Mwanangu, hili libaki kwetu sisi. Usimwambie mtu. Unajua mjukuu wangu, binti wa wifi yako, anaposwa. Watu wa heshima. Wakisikia tena…"

"Binti wa wifi ana hali gani?"

"Mzima. Anaumwa vidole tu siku hizi, lakini ni kufua sana."

Arafa alimwita Makame, akaweka simu mezani, akafungua sauti. "Rudia, mama," alisema. "Rudia hilo la vidole."

Bi Mwanahamisi hakurudia. Alisema Arafa anataka kuwavunjia heshima. Alisema hakumdhania hivyo, yeye aliyempokea kama mwanawe wa kumzaa. Makame alisimama katikati ya sebule, akiangalia simu, kisha mkewe, kisha mlango wa chumba alimolala Hawa. Arafa alimpa muda. Alitaka kuona, mara hii, atafanya nini bila kusukumwa.

Makame hakufanya kitu. Alisema, "Labda tusubiri kwanza posa ipite."

Basi Arafa akapiga simu mwenyewe. Alimpigia wifi yake, ambaye posa yake mwenyewe ndiyo iliyovunjwa zamani zile, na akamweleza yote, na jina la ugonjwa akalitamka herufi kwa herufi. Wifi alimtukana kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti iliyokauka, ni kipimo gani hasa cha damu anachotakiwa kuomba.

Binti alipimwa mjini Unguja. Alikuwa nao, ndio kwanza umeanza, figo zikiwa salama. Posa ilivunjika. Bi Mwanahamisi hakumpigia Arafa simu tena, Ijumaa ile wala nyingine, na katika ukoo ikasemwa kwamba mke wa Makame, mtu wa Tanga, ana mdomo. Wifi alimtumia ujumbe mmoja tu: Sijui nikushukuru au nikulaani, lakini mtoto anakunywa dawa.

Hawa alirudi shule. Mwalimu wake aliambiwa asimzuie kutoka, na wasichana wa Al Sadd walipomwona na uso wake wa duara hawakucheka, labda kwa sababu mama zao waliwakanya. Kibofu chake kililegea kidogo kidogo, akawa anamaliza kipindi kizima darasani bila kutoka. Figo ya kulia haikurudi kama zamani. Daktari alisema wataiangalia maisha yake yote.

Arafa hakuondoka kwa Makame. Ukazi wake wa Doha ulikuwa chini ya jina la mumewe, na dawa za mtoto zilikuwa Doha. Hilo lilitosha kumfunga hata kama angetaka kwenda. Alihamia chumba cha Hawa. Alipika, walikula, waliongea habari za vidonge na za gari. Siku moja Makame alimuuliza, huku akiosha vyombo ambavyo zamani hakuwa akiviosha, kama ataweza kumsamehe.

"Uliponidanganya mara ya kwanza niliona ni woga," Arafa alisema. "Mtu huogopa. Lakini uliposema tusubiri posa ipite, Zuwena ameshakufa na Hawa ameshaharibika figo, hapo nilikujua. Nakupa salamu, nakupa chakula. Zaidi ya hapo sina."

Mwezi uliofuata walikwenda kwenye dripu. Mlangoni mwa wodi Makame alisimama, kama alivyozoea, ili awaache waingie wenyewe. Hawa akageuka, akamtazama kwa muda.

"Aje," alimwambia mama yake. "Lakini akae kile kiti cha mbali."

Makame akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali. Peninah akaja, akautafuta mshipa, akamsifu Hawa kwa kunywa maji yake yote. Dawa ikaanza kushuka tone kwa tone. Hawa alifungua kitabu chake. Arafa alimwangalia mumewe upande wa pili wa chumba, amekaa wima, mikono juu ya magoti. Alijaribu kumwonea huruma, kwa sababu ya mtoto, kwa sababu ya miaka yao. Huruma haikuja. Akaegemeza kichwa karibu na bega la bintiye, akaanza kusoma naye ukurasa aliokuwa ameufungua.